Wapangaji wawili chumba kimoja

*Mume wangu hana ugomvi, ila akirudi dukani anakula, anashika simu, analala. Nifanyeje?*
*Mama wa wawili, Tanga*

Mapenzi kupoa hakumaanishi mume ana mwingine. Uchovu, ada za shule na mtoto anayelala katikati hula hamu taratibu. Mwaka 2000, mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Aron na wenzake walionyesha kuwa wanandoa waliofanya jambo jipya pamoja waliridhika zaidi na uhusiano wao.

Basi mtoto ahamie kitandani kwake, simu zilale sebuleni. Jumamosi jioni mtembee wawili pwani ya Raskazone, mle mishkaki. Habari za ada marufuku. Udi nao si wa harusi tu!

Kama mumeo ana kisukari au anameza dawa za presha, mwoneni daktari, maana hivyo navyo huweza kupunguza nguvu za kiume. Vidonge vya mitaani vya kuongeza nguvu hizo, hapana.