Dondoo muhimu: Homoni ya kiume inapopungua

Kuchoka baada ya siku ndefu si ugonjwa. Dalili zenye uzito ni hamu ya tendo la ndoa kufifia kwa miezi, uume kutosimama alfajiri kama zamani, ndevu na nywele za mwili kupungua, au matiti kukua. Uchovu, huzuni na misuli kulegea peke yake havithibitishi kitu. Huenda ni upungufu wa damu, kisukari au sonona.

Kipimo ni cha damu, na kichukuliwe kabla ya saa 4 asubuhi, kwa sababu homoni hii, testosteroni, hushuka kadiri siku inavyosonga. Majibu yakiwa ya chini, rudia siku nyingine. Usikubali kuanzishiwa tiba kwa kipimo kimoja.

Mtajie daktari dawa zako zote: morfini na tramadoli hushusha homoni hii. Kitambi na kukoroma kwa kukatika pumzi huambatana na upungufu wake pia, na kupunguza uzito huweza kuipandisha homoni bila sindano.

Bado unatafuta mtoto? Sema mapema. Sindano na jeli za testosteroni hupunguza mbegu, hata kuzimaliza kabisa, jambo ambalo wanaume wengi hushangaa kulisikia. Zipo dawa mbadala. Anayetumia testosteroni hupimwa wingi wa damu na tezi dume mara kwa mara.

Na vidonge vya "nguvu" vya mtaani? Hata sildenafili halisi, dawa ya kusimamisha uume, husaidia mtiririko wa damu tu, haiongezi homoni. Kwa anayetumia dawa za moyo aina ya naitreti, inaweza kuua.