Ukuta wa Mshipa wa Damu Una Uhai

Wengi hudhani mshipa wa damu huziba kama bomba la sinki: mafuta yanaganda, njia inajaa, kwisha. Mfano huo hushika haraka, ila unapotosha. Mafuta hayagandi juu ya ukuta. Yanaingia ndani yake, na seli zilizomo humo zinabadili kazi.

Utando wa ndani, ule unaoguswa na damu, una unene wa seli moja tu. Mahali damu inapopita moja kwa moja, seli hizo hulala zikifuata mkondo, kama majani ya mtoni. Mshipa unapogawanyika, mfano shingoni, damu huzungukazunguka, seli hukaa shaghalabaghala na utando huvuja. Ndiyo maana ugonjwa huu wa kuziba kwa mishipa hupenda njia panda. Sigara, presha na kisukari huuchokoza utando huo zaidi.

Lehemu mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara, ikipenya hapo hunasa na kuharibika. Utando nao huotesha vishikizo vinavyonasa chembe nyeupe za damu zinazopita. Chembe hizo hujipenyeza ukutani na kuanza kuila lehemu bila kushiba. Chini ya hadubini zinaonekana zimejaa vitone vya mafuta; wataalamu huziita seli povu. Zikirundikana, jicho tupu huona mchirizi wa njano, na michirizi hiyo hupatikana hata kwa watoto. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani waliochunguza mioyo ya askari 300 waliokufa katika vita vya Korea, wenye umri wa wastani wa miaka 22, walikuta dalili za ugonjwa huu kwa zaidi ya robo tatu yao.

Kisha zinaingia seli za misuli laini. Kazi yake ni kubana na kulegeza mshipa. Sasa zinaiacha, zinazaliana, zinasogea upande wa ndani na kufuma nyuzi ngumu zinazoyafunika mafuta. Nyingine hugeuka nazo kuwa seli povu, na nyingine hufanya kazi ya seli za mfupa. Ndipo mshipa unaposhika chokaa.

Kifuniko hicho, ajabu, ni kinga. Kikiwa chembamba hupasuka, damu hukutana na mafuta na kuganda papo hapo. Kwa hiyo kivimbe kidogo chenye kifuniko dhaifu kinaweza kumwangusha mtu ambaye jana hakuumwa popote. Vidonge vya statini hupunguza lehemu na kusaidia kifuniko kuimarika, kazi ambayo mgonjwa haihisi. Usiviache kwa sababu unajisikia mzima. Zungumza kwanza na daktari.

Kifua kikibana kama kimewekewa mzigo, maumivu yakienda begani au kwenye taya, jasho baridi likikutoka, usinywe dawa ya gesi ukasubiri kukuche. Huenda mshipa wa moyo umeziba; nenda hospitali usiku huohuo.