Somo: Vipuri vya Land Rover Kuukuu na Usalama Mpakani
Bodi ya Land Rover, gari lililozinduliwa mwaka 1948, ni ya alumini. Chesisi yake ni ya chuma, nayo huliwa na kutu kimyakimya. Ioshwe matope na kukaguliwa kila masika yaishapo.

Utafutapo kipuri Gatsata, Kigali, au ng'ambo ya Gatuna na Rusumo, kumbuka kwamba Uganda na Tanzania magari hupita kushoto, Rwanda kulia. Mtambo wa usukani wa huko huenda usikufae. Dai risiti yenye jina la muuzaji, ulipie ushuru forodhani.

Uhaba wa vipuri huwanufaisha wezi. Chesisi iliyokwanguliwa namba usiinunue, hata kwa bei ya kutupa: mnunuzi wa mali ya wizi naye hushtakiwa. Ukiiona, piga 112.