Kabla hujapakia kirikuu kwenda Kibaha

Msomaji wetu wa Mwanza amepata kazi ya uhasibu katika kampuni binafsi pale Ubungo, Dar es Salaam, na anatakiwa kuripoti mwezi ujao. Wenyeji wake wamemshauri asihangaike na Sinza wala Mabibo. Aende Kibaha, wanasema, huko atapata nyumba nzima yenye uwanja kwa bei ya chumba na sebule cha mjini. Dalali ameshapatikana na nyumba iko Maili Moja, ila mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima. Anauliza: je, sheria inamruhusu kukataa? Na akishahamia huko kazi ikaharibika, nani atamrudisha kwao?

Nianze na swali la pili, maana wengi hulikumbuka wakati vyombo vimeshatolewa nje.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mkataba ukikoma mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri ana wajibu wa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au kulipia safari hiyo. Akichelewa kumsafirisha, anamlipa na pesa ya kujikimu kwa siku zile za kungoja. Neno la kulishika hapo ni "alipoajiriwa". Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi unapoanza kazi, yakitaja mahali ulikoajiriwa na mahali utakapofanyia kazi. Sasa, kampuni nyingi zina fomu iliyochapwa tayari, na kwenye nafasi ya mahali pa kuajiriwa pameandikwa Dar es Salaam kwa kila mtu. Ukisaini hivyo wakati ulifanyiwa usaili na kupewa barua ukiwa Mwanza, umejifungia mlango mwenyewe. Omba pasahihishwe kabla kalamu haijagusa karatasi. Ofisa rasilimali watu akikuuliza kwa nini unajali jambo dogo namna hiyo, mwambie basi na aliandike, maadamu ni dogo.

Kukuhamisha kutoka Mwanza kuja kuanza kazi ni habari nyingine. Kwa mtumishi wa umma anayehamishwa, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinataja posho ya usumbufu, nauli na gharama za mizigo. Wewe wa kampuni binafsi utapata kile mlichokubaliana tu. Kwa hiyo kiombe sasa, wakati bado wanakuhitaji.

Kuna na suala la muda. Saa unazotumia barabarani hazihesabiki kuwa saa za kazi; sheria inahesabu zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Lakini muda wa ziada ni wa makubaliano, na kwa anayelala Kibaha nusu saa ya ziada ofisini inaweza kumfikisha nyumbani watoto wameshalala. Na kazi inayofanywa baada ya saa mbili usiku ni kazi ya usiku: kila saa inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi.

Tuje kwenye nyumba.

Zamani tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 339, iliyomwekea mwenye nyumba mipaka. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi, na kama italipwa kwa mwezi, miezi sita au mwaka, ni mapatano ya watu wawili. Hivyo jibu langu ni kwamba unaweza kukataa kulipa mwaka mzima, naye anaweza kukataa kukupangisha. Sheria haiwalazimishi wote wawili. Pesa ya dalali ya mwezi mmoja nayo inasimama juu ya makubaliano, kwa hiyo muulize kiasi chake kabla hajakuonyesha nyumba, wala usimkabidhi hata senti ya kodi.

Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu wa mfuko wangu. Miaka ya nyuma nililipa miezi sita huko Mbezi kwa bwana mmoja mpole mno, akaniandikia risiti kwa mwandiko wa kupendeza. Kumbe alikuwa mpangaji mwenzangu aliyeachiwa funguo. Tangu siku ile nauliza maswali ambayo watu wanaona ni ya kukosa adabu: hati iko wapi, au leseni ya makazi, au risiti ya kodi ya ardhi? Jina lililoandikwa humo linafanana na la kitambulisho chako? Mwenyekiti wa mtaa anakufahamu? Na pesa inapita benki au kwenye simu, kwa jina hilohilo.

Kwa upande wa Kibaha kuna swali jingine la kuongeza. Ile barabara ya njia nane, kilomita 19 na ushei kutoka Kimara hadi Kibaha, ilipitishwa kwenye hifadhi ya barabara, na mwaka 2017 nyumba nyingi za kandokando zilivunjwa. Wenye nyumba waliandikwa sana magazetini, lakini wapangaji waliokuwa wamelipa miezi sita mbele waliandikwa na nani? Zungukia kuta, nyuma na mbele, uangalie kama kuna alama ya X ya kuvunjwa, hata iliyopakwa rangi juu yake. Kama kuna mto au bonde karibu, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo. Mwenye nyumba akikuficha jambo kama hilo makusudi, Sheria ya Mikataba inakupa haki ya kuuvunja mkataba na kudai pesa yako. Utaidai kwake, siyo kwa TANROADS.

Ukishaingia ndani, una kinga ambazo wapangaji wengi hawazijui, kwa sababu zinahesabika kuwamo kwenye mkataba hata kama hazikuandikwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakupa utulivu wa kukaa bila kubughudhiwa maadamu unalipa na kutimiza masharti. Nyumba ya kuishi inatakiwa ifae kukaliwa na binadamu siku unapoingia na iendelee kufaa. Ukiwa umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni kazi ya mwenye nyumba. Kukukatia umeme ili uondoke, au kung'oa mlango, ni kuvunja utulivu huo. Naye ana haki zake: kodi kwa wakati, nyumba kutunzwa, na kuingia kukagua kwa saa za staha.

Mkataba wenyewe uwe wa maandishi na ulipiwe ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa nyumba ya Sh150,000 kwa mwezi, kodi ya mwaka ni Sh1,800,000 na ushuru ni Sh18,000. Usipolipiwa, siku ya shauri karatasi yako haitapokelewa kuwa ushahidi hadi ushuru na faini yake vilipwe. Na hiyo Sh18,000 ina pacha wake: kodi ya jengo la kawaida lisilo la ghorofa, inayokatwa Sh1,500 kila mwezi unaponunua LUKU. Kodi ile ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni wewe. Andikeni kwamba itapunguzwa kwenye kodi ya pango. Sijaona mwenye nyumba aliyelikumbuka jambo hili mwenyewe.

Ukikubali kumlipa mwaka mzima, kifungu kimoja kina thamani kuliko vyote: kazi yako ikikoma au ukihamishwa, unatoa notisi ya mwezi mmoja na unarudishiwa kodi ya miezi isiyotumika. Bila maneno hayo, miezi iliyobaki utaipigania kwa hisani. Ongeza nani anarekebisha pampu ya maji na ndani ya siku ngapi.

Jambo la mwisho linatokana na mji uliouchagua. Kiluvya ndipo Dar es Salaam inapokutana na Pwani, na ukilala ng'ambo ya pili, milango yako ya haki inagawanyika. Mgogoro wa nyumba unaanzia baraza la kata huko ilipo nyumba. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui. Siku 30 zikipita bila suluhu unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mgogoro na kampuni unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, upande wa Dar es Salaam, mgogoro ulikozukia. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kufungua shauri, na madai mengine yana siku 60.

Ile nyumba ya Maili Moja usiilipie kwa picha za WhatsApp ulizotumiwa. Panda basi, lala kwa jamaa, na asubuhi ya siku ya kazi toka Kibaha saa kumi na moja ukaone unafika Ubungo saa ngapi. Jioni rudi uione nyumba, umwombe mwenyewe afungue bomba mbele yako.