Mlonge, Kitunguu Saumu na Sumu ya Risasi

Akina mama wa Kibuyuni, betri kuukuu ya gari isivunjwe karibu na zizi. Mbuzi hulamba ile risasi, ikajificha mifupani, huku ikiharibu damu na ini kama kutu inavyokula bati. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa 2014 kilidhuru watu na mifugo pia.

Mlonge na kitunguu saumu vina antioksidanti, yaani vizuia kutu hiyo. Panya wa maabara waliopewa risasi pamoja na kitunguu saumu walidhurika kidogo kuliko wenzao. Lakini panya si mbuzi, jamani! Kitunguu kikizidi chaharibu damu yake. Majani ya mlonge mpeni, ila kwanza mwondoeni penye sumu. Akiyumba au asipoona, iteni daktari wa mifugo, na maziwa yake watoto wasinywe.