Ukuta unaohama na wewe: somo la kugawa fremu bila kupoteza hela

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongelee ukuta wa kugawa fremu.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na fremu ya upana wa futi 10. Nauza magauni mtandaoni, nikataka nyuma iwe stoo, mbele nipigie picha. Fundi akanijengea ukuta wa jipsamu. Ukapendeza kweli! Kodi ilipoisha mwenye nyumba akapandisha, nikahama. Ukuta ukabaki kule kule na hela yangu.

Safari ya pili nikamwambia seremala: nitengenezee vipande, siyo ukuta. Hesabu yake ni hii:

1. Plaiwudi moja huwa na futi 4 kwa 8. Nilinunua 3, kila moja ikapasuliwa katikati kwa urefu. Nikapata vipande 6 vya futi 2. Urefu nikapunguza hadi futi 7, ili viingie hata kwenye chumba chenye dari fupi, na juu hewa na mwanga vipite.

2. Kila kipande kina fremu ya mbao 2 kwa 2. Pembeni kuna matundu 3: juu, katikati, chini. Hapa ndipo siri ilipo. Matundu yote yapimwe kwa kipimo kimoja, ili kipande chochote kikubaliane na kingine chochote. Fundi akikadiria kwa macho, umeliwa.

3. Unafunga kwa bolti na nati, usitumie misumari wala gundi.

4. Vipande vikipangwa mstari mmoja tu vitaanguka. Lazima kimoja au viwili vikae kwa pembeni kama mguu, vishikwe na vyuma vya kona.

Kwenye futi 10 ningepanga hivi: vipande 4 mstari, futi 2 za mlango naweka pazia, vipande 2 vinakuwa miguu. Sasa nipo kwenye chumba cha futi 8: vipande 3 mstari, pazia futi 2, miguu 2, na kimoja kimebaki. Hicho nimekipaka rangi nyeupe, ndiyo ukuta wangu wa picha. Kuhama kwenyewe vilienda na kirikuu pamoja na mzigo.

Angalizo: usitundike shelfu zenye mzigo mzito kwenye vipande hivi, shelfu zisimame zenyewe. Haizuii kelele kama tofali. Na mwizi haumzuii, kwa hiyo mlango wa nje uwe imara.

Faida nyingine: kipande kimoja kikilowa, unabadilisha hicho tu.

Kabla hujamlipa fundi, jiulize: nikihama kesho, hiki naondoka nacho? Kama jibu ni hapana, ujue unamjengea mwenye nyumba.

Niandikie upana wa chumba chako, tupige hesabu pamoja.