Pesa ya matumizi anatoa, unyumba hatoi

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 39, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Tumeoana miaka 14 sasa, ndoa ya Kiislamu, na tuna watoto wawili; mkubwa yuko darasa la saba, mdogo la tatu. Mume wangu ana miaka 51, anauza vipuri vya magari. Si mlevi, hanipigi, ada analipa, ndani hakupungui kitu. Lakini huu ni mwaka wa tatu hajanigusa. Mwanzo alisema amechoka, kisha ikawa mgongo, siku hizi hasemi kitu, anageukia ukutani tu.

Nilimweleza kungwi wangu, akanirudishia yale yale ya siku ya kutolewa ndani: jifukize udi, vaa shanga, mpokee kwa bashasha. Nimefanya yote. Usiku mmoja nilimshika mkono, akaniambia, "Wewe ni mtu mzima sasa, mambo hayo hujayachoka?" Nililia chooni ili watoto wasisikie.

Mwaka jana nikazoeana na mweka hazina wa kikundi chetu cha vikoba. Sitakuficha, tunakutana. Ana mke, na ananiambia nidai talaka anioe wa pili. Shoga yangu naye ameniletea unga wa kuongeza nguvu, anasema nimtilie mume kwenye chai nione kabla sijaamua. Nisisahau: mume wangu ana kisukari tangu 2020 na anameza dawa za presha. Je, mwanamke anaweza kudai talaka kwa jambo hili bila kuchekwa?

Mama wa Wawili, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Unga huo umwage chooni leo, kabla hujamaliza kusoma jibu langu. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimepima unga wa namna hiyo, unaouzwa kwa jina la mitishamba, na zimekuta ndani yake sildenafil, dawa ya hospitali ambayo mtu hupewa kwa kipimo baada ya kuulizwa anatumia dawa gani nyingine. Ikikutana na dawa za nitrati za maumivu ya kifua, presha inaweza kushuka ghafla mtu akaanguka asiinuke. Mgonjwa wa kisukari na presha mwenye miaka 51 hatiliwi kitu kwenye chai asichokijua. Akifa utasema nini polisi?

Sasa tuzungumze. Umeandika kwa kirefu habari za udi na shanga, na kisukari ukakiweka mwishoni kama anwani ya bahasha. Mimi ningeanzia hapo. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu, na uume unahitaji yote mawili ili usimame. Utafiti mkubwa wa wanaume uliofanyika Massachusetts, Marekani, ukachapishwa mwaka 1994, ulikuta kuwa wanaotibiwa kisukari walikuwa wameishiwa nguvu kabisa karibu mara tatu ya wanaume kwa ujumla. Ongeza dawa za presha: baadhi yake, hasa zile za kukojoza maji na aina fulani zinazopunguza mapigo ya moyo, zinaweza kufanya hali iwe mbaya zaidi. Asiziache kwa kukisia. Daktari ndiye wa kumbadilishia.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume wengi hawaambiwi. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba, kitandani hujulikana kwanza na kifuani baadaye. Mume anayegeukia ukutani huenda amebeba dalili ya ugonjwa wa moyo, na haya ndiyo inayomzuia kuitamka.

Sijui kama ndivyo ilivyo kwa wako. Inawezekana ana mwanamke nje. Inawezekana pia hamu yake ni ndogo tu, maana watu hatukuumbwa na kiu moja, na ndoa nyingi zina mmoja anayetaka kila siku na mwenzake anayetosheka mara moja kwa mwezi. Lakini soma tena ulivyoandika: uchovu, mgongo, kisha kimya. Huo ndio mwendo wa mtu aliyejaribu akashindwa, akajaribu tena akashindwa, halafu akaona heri asijaribu kabisa kuliko kuaibika mbele yako. Na lile neno la "mtu mzima" nadhani alikuwa akijisema mwenyewe, ila alilirusha upande wako. Limekuumiza, na hakuwa na haki ya kulisema. Mtu mwenye haya huwa na ulimi mkali.

Kungwi wako simlaumu sana. Alikufundisha alichofundishwa: kwamba hamu ya mume iko mikononi mwa mke, ikipungua basi mke ndiye kazembea. Mumeo naye jandoni alifundishwa kunyamaza akiumia, na hakuna aliyemfundisha kufungua mdomo. Akitoka nje, kila nguzo ya umeme ina karatasi ya mganga wa nguvu za kiume yenye namba ya simu. Utamtarajia mtu kama huyo aje akuambie, "Mama fulani, mwili umegoma"? Atakufa kwanza.

Kwa hiyo fungua wewe. Usifungulie kitandani, wala usiku, wala siku mliyogombana. Mfuate mchana, mkiwa wawili, mnaelekea mahali. Usianze na "hunipi haki yangu," ingawa ni kweli. Anza na kisukari: umesoma kwamba kinaleta hali hii kwa wengi, kina dawa, na safari ijayo ya kliniki ungependa mwende wote. Daktari ataangalia sukari na presha, atazipitia dawa anazomeza, na atamuuliza kama alfajiri akiamka uume husimama wenyewe. Swali hilo linaonekana la kihuni lakini lina kazi: ukisimama alfajiri, mara nyingi kikwazo kiko zaidi kwenye mawazo kuliko kwenye mishipa. Zipo tiba kwa hali zote mbili.

Akikubali, msikimbilie tendo lenyewe. Daktari William Masters na mtafiti mwenzake Virginia Johnson, hao hao wa Marekani waliowasumbua watu kwa utafiti wao wa kitandani, mwaka 1970 walieleza zoezi ambalo washauri wa ndoa wanalitumia hadi leo: kwa wiki kadhaa mnagusana, mnapapasana, mnalala ngozi kwa ngozi, na kuingiliana kunapigwa marufuku kabisa. Asiyedaiwa kushinda hana mtihani wa kufeli. (Nalisema hili gazetini nikijua wako watakaonipigia simu kunikemea. Wapige.) Na hata kama nguvu hazitarudi zote, mke anaweza kushibishwa kwa njia nyingi zaidi ya ile moja, na mumeo lazima alisikie hilo kutoka kwako.

Sasa mweka hazina. Muache kabla hujafungua mdomo kwa mumeo, si baada ya kuona mazungumzo yamekwendaje. Sikuiti majina, miaka mitatu ya ukuta ni mirefu. Lakini ukiwa na pa kwenda kila wiki hutapambana na mumeo kwa moyo wote, na kila atakalojibu utalipima kwa mwanamume ambaye hajawahi kukuonyesha bili ya umeme. Anakuahidi uke wa pili. Je, mkewe anajua? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke aliyepo nafasi ya kuweka pingamizi ndoa ya namna hiyo inapotangazwa. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mumeo kumshitaki bwana huyo na kumdai fidia kwa ugoni. Mwambie hilo uone kama ahadi ya ndoa itabaki palepale.

Pima virusi vya Ukimwi na kaswende sasa, rudia baada ya miezi mitatu, na usirudi kwenye mwili wa mumeo bila kinga kabla ya majibu ya pili. Ukikutwa na maambukizi, hapo huna siri tena. Mume lazima ajue. Ukiwa salama, je, ukiri? Wenzangu wengi watakuambia ukiri. Mimi sioni hivyo. Anayekiri ili apumue mara nyingi humkabidhi mwenziwe mzigo alale nao, na mtu ambaye tayari anajiona si mwanamume atavunjika vipande. Toba yako ipeleke kwa Mola wako. Ila akikuuliza uso kwa uso, usimdanganye.

Na talaka. Atakayecheka acheke. Dini yako haikumsahau mwanamke katika jambo hili: Suratul Baqara inampa mume aliyeapa kutomkaribia mkewe miezi minne tu, kisha arejee au aachane naye. Mumeo hakuapa, kwa hiyo aya hiyo sikusomei kama hukumu. Inasimuliwa pia kwamba Sayyidna Umar, alipomsikia usiku mke wa askari akilalamikia upweke, alimuuliza binti yake Hafsa mwanamke anaweza kuvumilia muda gani, na kwa jibu lake akaweka kikomo cha askari kukaa vitani. Khalifa mzima aliona ni jambo la kuulizwa. Wewe unaogopa majirani?

Lakini ujue njia ilivyo. Huendi mahakamani moja kwa moja. Unaanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na kwa Waislamu lipo la Bakwata. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, ndipo mahakama inaangalia kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mambo yanayozingatiwa ni pamoja na ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, na kutelekeza kwa makusudi. Mume mgonjwa si mtelekezaji. Mume anayejua ana ugonjwa wenye tiba, akaombwa, akakataa miaka nenda rudi, huyo unaweza kumjengea hoja. Ila ukifika pale huku mweka hazina yuko nje anakusubiri kwenye bodaboda, ugoni utakaosomwa ni wako.

Nyumba na mali mlizochuma pamoja hugawanywa kwa kuangalia mchango, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo zinahesabika kuwa mchango. Wewe una mshahara juu yake, tunza risiti. Watoto wako wamevuka miaka saba, na walio na umri wa kujieleza wanaweza kuulizwa wanataka kukaa na nani. Jiulize mkubwa wako atasema nini akishasikia habari zako na vikoba.

Mpe mumeo miezi sita kuanzia siku utakayomwambia. Akienda kliniki, hata akinung'unika, kaa naye, muda usiuhesabu. Akikataa, akikutukana tena, akikuambia uzee wako ndio uliokutuma, nenda Baraza ukiwa umeinua kichwa.

Kuhusu kikundi, huwezi kumuacha mtu na kila kikao unamhesabia hela mezani. Mwambie mwenyekiti unajitoa kwa kuwa una mtoto wa darasa la saba, nayo ni kweli. Mkopo kama unao, umalize. Kama katiba yenu inakutaka usubiri mgao ndipo ulipwe hisa, marejesho mtumie mwenyekiti, si mweka hazina, na daftari lako la hisa ubaki nalo mwenyewe.